Sema Panapouma: Majina ya Mwili kwa Wanaotibiwa Dallas, Fort Worth na Houston

Mama akimwambia nesi wa kliniki ya Fort Worth kwamba "mshipa unanivuta", huenda anazungumzia mshipa wa damu uliovimba mguuni. Huenda ni mshipa wa fahamu unaotoka mgongo wa chini na kuchoma hadi kisiginoni. Huenda ni kano iliyojeruhiwa kwa kunyanyua mizigo ghalani. Na anayesema hivyo akiwa mwanamume, mara nyingi anamaanisha ngiri, na aibu inamzuia kuitaja kwa jina lake. Nyumbani hakuna tatizo, maana anayesikiliza anakufahamu na anaona ulipojishika. Lakini kwa daktari wa Texas mwenye dakika chache, anayekusikia kupitia mkalimani wa simu asiyekuona, kila mmoja kati ya mishipa hiyo una idara yake, kipimo chake na bili yake.

Waswahili wa miji hii wametoka kona nyingi. Wapo Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo na kazi wakatapakaa Arlington, Irving na vitongoji vya Houston. Wapo Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali au Kakuma, wakapangiwa makazi Fort Worth, mtaa wa Vickery Meadow huko Dallas, au kusini magharibi mwa Houston. Wengi wetu tunafanya kazi za kuhudumia wagonjwa, tunajua majina ya Kiingereza ya viungo, lakini mama mzazi akiuliza nyumbani "wamesema nina nini?" tunabaki kuokoteza maneno. Kwa hiyo mwongozo huu unamhusu mgonjwa, na pia mtoto wake anayevaa sare ya hospitali kila asubuhi.

Neno moja kwanza: haya ni maelezo ya kukusaidia kusema na kuelewa, hayachukui nafasi ya kupimwa.

Tumbo lina robo nne

Anza na upande. Madaktari wanapotaja kulia na kushoto wanamaanisha kulia na kushoto kwako wewe mgonjwa. Hata picha ya eksirei hutundikwa kana kwamba mmesimama mnatazamana, hivyo upande wa kushoto wa picha ni kulia kwako. Ukitazama picha yako kwenye simu usishtuke kuona moyo umekaa upande usiotarajia.

Sasa tumbo. Kwetu neno hilo linabeba kiungo kinachopokea chakula na pia eneo zima kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani. Daktari hutenganisha hayo mawili. Kiungo chenyewe tukiite mfuko wa chakula. Tumbo tuliachie eneo. Halafu chora mistari miwili akilini ikikutana kwenye kitovu, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Unapata robo nne, na daktari yeyote, wa hospitali ya Muhimbili au ya Parkland, hufikiri kwa robo hizo.

Robo ya juu kulia ina ini, kiungo kikubwa chenye uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa mtu mzima, na chini yake mfuko wa nyongo. Maumivu yanayokuja baada ya kula vyakula vya mafuta, yakakaa chini ya mbavu za kulia na pengine kupanda hadi bega la kulia, humfanya daktari atafute mawe ya nyongo. Ini lenyewe linaweza kuugua kimya kwa miaka mingi. Homa ya ini ya aina B imeenea Afrika Mashariki na Kongo, na wengi walio nayo hawasikii chochote. Usisubiri maumivu, omba kipimo cha damu.

Robo ya juu kushoto ina sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na nyuma chini ya mbavu limejificha wengu, ambalo wengine huliita bandama. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu Wakongo moja kwa moja. Mwaka 2015, katika vipimo vya afya vya kabla ya safari vilivyofanyika Uganda, madaktari walikuta wakimbizi wengi wa Kongo waliokuwa wanasubiri kuja Marekani wakiwa na wengu lililovimba sana. Malaria ya mara kwa mara ni sababu moja inayojulikana ya uvimbe wa namna hiyo, na kichocho cha tumbo ni nyingine. Wengu lililovimba linaweza kupasuka kwa pigo la mpira, kwa kuanguka, au kwa ajali ndogo ya gari, na damu ikavuja ndani bila jeraha kuonekana nje. Kama uliwahi kuambiwa kambini kwamba una bandama, mwambie daktari wako wa Texas hata kama hakuuliza. Wengi wa madaktari wa huku hawajaishi penye malaria na hawatalifikiria haraka. Kijana mwenye wengu kubwa asijiunge na timu ya futiboli ya Kimarekani shuleni kabla ya kupimwa.

Robo ya chini kulia ni nyumba ya kidole tumbo. Kinapovimba, maumivu huanza taratibu kuzunguka kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia, yakifuatana na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na joto la mwili. Safari hiyo ya maumivu ndiyo habari muhimu kuliko zote. Usiseme tu "tumbo linakata". Sema lilianzia wapi, limehamia wapi, na lini. Robo ya chini kushoto ina sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na huko ndiko choo kigumu na vijifuko vilivyovimba huleta taabu. Katikati kabisa chini ni kibofu cha mkojo, na kwa wanawake kizazi kimekaa nyuma ya kibofu, na ovari moja kila upande.

Figo hazimo katika robo hizo kwa mbele. Ziko nyuma, kila upande wa uti wa mgongo, zikiwa zimefunikwa kwa sehemu na mbavu za chini. Jiwe la figo huuma ubavuni na kushuka kwa mawimbi hadi kinenani, na mgonjwa hawezi kutulia. Anayelala kimya akiogopa hata kukohoa, kwa kawaida ana tatizo jingine. Daktari anatazama hayo pia, hivyo usijikaze ukakaa wima kwa heshima.

Kifua, moyo na roho

Houston ni mji wa moyo. Mwaka 1969 daktari Denton Cooley alipandikiza huko moyo wa kwanza kamili wa bandia katika mwili wa binadamu, na jirani yake Michael DeBakey alikuwa miongoni mwa mabingwa waliojenga upasuaji wa mishipa mikubwa ya damu kama tunavyoujua leo. Hospitali zao zimo katika Texas Medical Center, iliyoanzishwa 1945 na sasa ni mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa hospitali na vyuo vya tiba. Ni faraja kuwa karibu na wataalamu hao, ila wanahitaji kujua kama unawaambia habari ya moyo au ya jambo jingine.

Kwa Kiswahili moyo unafanya kazi nyingi. "Moyo unanichafuka" ni kichefuchefu. "Moyo mzito" ni huzuni. "Moyo unanienda mbio" unaweza kuwa hofu, na unaweza kuwa moyo wenyewe kweli, ukidunda bila mpangilio. "Roho inaniuma" ni uchungu wa nafsi kwa mtu wa pwani, na kwa mwingine ni maumivu ya kifuani. Mkalimani mzuri atakuuliza. Mkalimani mwenye haraka atapeleka neno kwa neno. Jiokoe mwenyewe: ukiwa na kichefuchefu sema kichefuchefu, ukiwa na huzuni sema huzuni, na ukitaja moyo weka kiganja kifuani, useme unahisi nini hasa.

Moyo wenye vyumba vinne umelala katikati ya kifua, umeinama kushoto, katikati ya mapafu mawili. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Nyuma ya moyo panapita umio, bomba la chakula linaloshuka kwenda kwenye mfuko wake. Ujirani huo ndio unaofanya kiungulia kikali kifanane na shambulio la moyo, na shambulio la moyo lidhaniwe kiungulia. Kubanwa kifua katikati kama umewekewa gunia, maumivu yanayosambaa mkono wa kushoto, taya au mgongoni, jasho baridi na kukosa pumzi, hayo yote ni ya 911. Kwa wanawake na wenye sukari, dalili zinaweza kuwa kichefuchefu, uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu, bila kifua kuuma sana. Mama akisema "nimechoka kwa namna ambayo sijawahi kuchoka", msikilizeni.

"Mtoto ana kifua" kwa Watanzania wengi maana yake anakohoa. Nesi akitafsiriwa kwamba mtoto ana maumivu ya kifua atafuata njia nyingine kabisa. Sema anakohoa, kikohozi ni kikavu au kina makohozi, na mbavu zinaingia ndani akipumua au hapana. Kichomi nacho kwa wengine ni nimonia, kwa wengine ni maumivu ya kuchoma ubavuni tu. Eleza badala ya kutaja jina.

Neno homa nalo linataka uangalifu. Mkenya akisema ana homa mara nyingi ana mafua. Mtanzania ana joto la mwili. Pima kwa kipimajoto, utaje namba.

Mgongo, mikono, miguu, na hiyo mishipa

Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifuani zinazobeba mbavu, tano za mgongo wa chini, na nyingine zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Tunaposema "kiuno kinaniuma" karibu kila mara tunamaanisha zile tano za chini. Mkalimani anaweza kupeleka kiuno kama pale pa kufungia mkanda, na daktari akashangaa. Sema mgongo wa chini, useme ni katikati au pembeni, na kama maumivu yanashuka mguuni sema yanaishia wapi: pajani, gotini, au hadi vidoleni. Mahali yanapoishia humwonyesha daktari ni mshipa gani wa fahamu uliobanwa, na kati ya pingili zipi. Ukipata ganzi katikati ya miguu, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo pamoja na maumivu hayo, usingoje miadi. Nenda chumba cha dharura siku hiyohiyo.

Mkono wetu unaanzia begani hadi kwenye kucha, na mguu kuanzia nyonga hadi unyayo. Fomu za huku zinataka kipande. Kwa mguu tunayo maneno ya kutosha: nyonga, paja, goti na pia ya goti, muundi kwa mbele, kigimbi kwa nyuma, kifundo, kisigino, wayo, vidole. Kwa mkono: bega, kwapa, kisugudi, kifundo, kiganja. Mtulinga ni ule mfupa unaopita kutoka chini ya shingo hadi begani, na watoto huuvunja mara nyingi wakianguka. Mwenye sukari asiseme "mguu umekufa ganzi" kama ni nyayo tu zilizokufa ganzi, maana ganzi ya nyayo zote mbili ni habari ya sukari, na ganzi ya mguu mzima wa upande mmoja, iliyokuja ghafla, inaweza kuwa habari ya ubongo.

Kuhusu mshipa, gawanya hivi. Ateri hupeleka damu kutoka kwenye moyo na hupiga ukiigusa. Vena huirudisha, nayo ndiyo ile ya buluu inayoonekana chini ya ngozi na inayotolewa damu ya kupimwa. Neva, au mshipa wa fahamu, hubeba hisia na amri za ubongo. Ikiumwa huleta ganzi, kuchoma kama sindano, au kuwaka moto. Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Ngiri si mshipa kabisa: ni utumbo au mafuta yaliyopenya kwenye ukuta dhaifu wa tumbo na kuleta uvimbe kinenani. Uvimbe huo ukiwa mgumu, ukauma na usirudi ndani, ni dharura. Na baada ya safari ndefu ya ndege kutoka Nairobi au Entebbe, kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, taja safari hiyo, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani ya vena na kipande chake kikasafiri hadi kwenye mapafu.

Watauliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Wengi wetu tulilelewa kuvumilia, tunajibu tatu huku tumeshika ukuta. Kama namba inakusumbua, sema kile ambacho maumivu yamekuzuia kufanya: kulala, kupanda ngazi, kumbeba mtoto, kuinama kusujudu. Na tumia vitenzi vyetu, ni vizuri sana kwa kazi hii: yanachoma, yanavuta, yanakata, yanabana, yanapwita, yanawaka.

Mambo ya siri

"Naumwa chini" ni lugha ya adabu, na mbele ya mkwe au mtoto hakuna lugha nyingine. Ila daktari hawezi kutibu "chini". Kwa mwanamke kuna uke, mlango wa kizazi, kizazi chenyewe, mirija na ovari. Kipimo cha saratani ambacho kliniki huwaitia wanawake watu wazima kwa kawaida huchukuliwa kwenye mlango wa kizazi. Kwa mwanamume kuna uume, korodani, na tezi dume iliyo chini ya kibofu, ambayo huvimba umri ukienda na kuufanya mkojo utoke kwa shida na kumwamsha mtu usiku mara nyingi. Kuvimba huko peke yake si saratani.

Una ruhusa ya kuomba mkalimani wa jinsia yako, na ya kuomba ndugu watoke nje. Kama unaogopa kwamba mkalimani ni mtu wa kanisani kwenu au msikitini kwenu, omba wa simu. Mara nyingi huyo yuko jimbo jingine na hahitaji kujua jina lako. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, akiwa amekosa hedhi na akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, aseme mambo hayo mawili kwa pamoja. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua haraka, na aibu ya kutaja hedhi huweza kuichelewesha kugunduliwa.

Maneno marefu na mizizi yake

Majina ya magonjwa yanayojaza karatasi za hospitali hayakutungwa kwa Kiingereza. Mengi ni Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo wataalamu wa Ulaya waliandikia tiba kwa karne nyingi, na kitabu kikubwa cha Andreas Vesalius kuhusu maumbile ya mwili, kilichochapishwa 1543, kilikuwa cha Kilatini. Mmarekani wa kawaida naye hayaelewi mpaka aelezwe. Habari njema ni kwamba yamejengwa kwa vipande, na sisi tuliolelewa na lugha inayojenga neno kwa viambishi, tukatoka "pika" hadi "wamepikiwa", tunaweza kuyachambua.

Kipande cha mbele hutaja kiungo. Kadio ni moyo, na kwenye karatasi huanza kwa herufi c. Hepato ni ini. Nefro na reno ni figo. Gastro ni mfuko wa chakula, nyumo ni mapafu, neuro ni neva, osteo ni mfupa, histero ni kizazi, hema ni damu. Kipande cha nyuma husema kuna nini. Itisi ni uvimbe wenye moto, kama katika gastritisi na hepataitisi. Algia ni maumivu. Emia ni hali ya damu, uria ya mkojo: hematuria basi ni damu katika mkojo. Gramu ni picha au mchoro, kama mamogramu ya matiti. Skopi ni kutazama ndani kwa kamera, na kolonoskopi hutazama utumbo mpana. Marekani hupendekeza uchunguzi wa utumbo huo uanze ukiwa na miaka 45 hata kama huumwi.

Viishio vya upasuaji vinastahili macho yako yote. Ostomi ni kufungua tundu au njia mpya. Otomi ni kukata kwa kufungua. Ektomi ni kukata na kuondoa kabisa. Histerektomi ni kuondoa kizazi, na baada yake hakuna mimba tena. Ukiona ektomi kwenye fomu ya ridhaa, uliza kwa Kiswahili, kupitia mkalimani: mnaondoa nini, chote au sehemu, na kuna njia nyingine? Kalamu ikae mezani mpaka umejibiwa.

Vipande viwili vinafanana hadi vinatisha. Haipa ni kuzidi, haipo ni kupungua. Mwenye sukari aliyeambiwa ana haipoglaisemia anahitaji kitu kitamu sasa hivi. Mwenye haipaglaisemia kinamzidishia. Tofauti ni irabu moja, na kwenye simu yenye kelele haisikiki. Uliza: imepanda au imeshuka?

Na majibu yakija kwenye programu ya simu kabla daktari hajakupigia, soma kwa utulivu. Negativu maana yake walichokitafuta hakikuonekana. Pozitivu ni kwamba kimeonekana, na mara nyingi hiyo si habari njema, ingawa neno linasikika zuri. Benaini ni uvimbe usio saratani. Maligna ni saratani, na kama ni hiyo, Houston ina MD Anderson, hospitali ya saratani iliyoanzishwa na jimbo la Texas mwaka 1941.

Namba zinazobadilika ukivuka bahari

Sukari Kenya na Tanzania hupimwa kwa milimoli, huku kwa miligramu. Zidisha ya kwetu kwa 18 upate ya huku: saba ya Kisumu au Dodoma ni 126 ya Dallas. Mzee akisomewa 126 baada ya kuzoea saba asidhani amekufa, na akisomewa 250 asidhani mashine imeharibika. Ni karibu 14. Joto la nyuzi 38 huku ni 100.4, na ndipo homa inapohesabiwa. Kilo moja ni pauni 2.2, dawa za mtoto hupimwa kwa uzito, kwa hiyo hakikisha mtoto wa kilo 10 ameandikwa pauni 22. Presha, ambayo ndugu kutoka Bukavu na Uvira huiita tansio, Marekani tangu 2017 huitwa ya juu kuanzia 130 kwa 80, wakati kwetu wengi walizoea kusikia 140 kwa 90. Tarehe huanza na mwezi.

Kisha kuna saa. Wengi wetu tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, wao kuanzia usiku wa manane. "Dawa hii saa mbili asubuhi na saa mbili usiku" ni saa nane zao. Kosa la hapo kwa kidonge cha presha linaweza kusameheka. Kwa kiharusi halisameheki. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakavurugika, piga 911, na swali la kwanza hospitalini litakuwa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu hapo. Mtu akisema "saa nne usiku" na ikapelekwa kama nne, madaktari watahesabu vibaya. Onyesha saa kwenye simu yako, au sema ni saa ngapi zilizopita.

Mkalimani ni haki yako

Mwaka 1980 huko Florida kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Cuba, ilitumia neno la Kihispania linalomaanisha amedhurika kwa kitu alichokula. Waliosikia wakaelewa amezidisha dawa za kulevya, na wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na fidia ikafika karibu dola milioni 71. Hakukuwa na mkalimani wa kitaalamu chumbani.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pamoja na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010, zinaitaka hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali kuu impatie mgonjwa mkalimani aliyehitimu, bila malipo. Amri ya rais ya Machi 2025 iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi haikufuta sheria hizo. Hospitali haipaswi kukutaka uje na mkalimani wako, wala kumtegemea mtoto mdogo isipokuwa katika dharura ya muda ambapo hakuna mwingine. Naomba wazazi washike hili. Binti wa miaka 12 hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kwamba mama yake ana saratani, tena atafute jinsi ya kuisema kwa Kiswahili.

Sema lugha yako unapopanga miadi, si siku ya kufika tu. Mapokezi mara nyingi kuna bango la lugha nyingi: onyesha kidole kwenye Kiswahili. Ukitoka Kivu au Tanganyika sema "Kiswahili cha Kongo", kwa sababu mkalimani wa Mombasa akisikia "munganga" anaweza kudhani unamtaja mganga wa mitishamba, kumbe unamtaja daktari. Na kama bibi anaelewa Kibembe au Kinyamulenge vizuri zaidi, omba hicho. Kiswahili kisiwe kifuniko cha kila Mkongo. Mkalimani akikuchanganya, unaweza kuomba mwingine bila kueleza sababu.

Kuhusu fedha, sheria ya 1986 inaitaka hospitali yenye chumba cha dharura na inayopokea malipo ya bima ya serikali ya Medicare ikupime na kukutuliza hali ikiwa ya dharura, uwe na bima au huna, na bila kujali karatasi zako. Haina maana kwamba bili haitakuja. Kwa matibabu ya kawaida, hospitali za umma za kaunti zina mipango ya kupunguza gharama kwa wakazi wenye kipato kidogo: Parkland kwa kaunti ya Dallas, JPS kwa kaunti ya Tarrant iliko Fort Worth, na Harris Health, yenye Ben Taub na hospitali ya Lyndon B. Johnson, kwa Houston. Nenda na kitambulisho, uthibitisho wa anwani na wa kipato, na uombe fomu hiyo kabla bili haijapelekwa kwa wakusanya madeni.

Siku ya miadi beba chupa zote za dawa, pamoja na za mitishamba na zile zilizotumwa kutoka nyumbani. Andika kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili chako: panapouma na upande gani, yalianza lini, yanahamia wapi, yanakuzuia nini, magonjwa uliyowahi kuambiwa unayo, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na dawa zinazokudhuru. Mkalimani aanze kwa kuisoma hiyo. Kabla hujatoka, rudia maelekezo kwa maneno yako na umwombe amwulize daktari kama umeelewa sawasawa.